Ameondolewa au Ameondoka?

Sehemu ya kumi na moja

"Soma tena," alisema Meneja. "Safari hii kwa sauti."

Wiki iliyopita, msomaji, nilikuacha mlangoni mwa chumba cha usahihishaji, kwenye kiwanda kinachochapa Gazeti la Serikali. Mama Koma alikuwa ameshika karatasi ya Ikulu kwa mikono miwili, mdomo wazi. Najua umekaa siku saba ukijiuliza aliona nini kwenye mstari wa nne. Wengine mmeniandikia kunitukana. Haya, ingieni.

Mama Koma alisoma. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka kama ya mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

"'Inatangazwa kwa umma kwamba Rais, kwa mamlaka aliyopewa na Katiba, na kufuatia kuondolewa kwa Mkaguzi Mkuu wa Maji kuanzia leo, amemteua Kaimu Mkaguzi Mkuu, ambaye jina lake ni...'"

Baada ya hapo palikuwa na nukta nukta tu.

Mkaguzi Mkuu wa Maji ni dada yake. Tumbo moja, titi moja. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemsuka nywele na kumpeleka shule kwa mkono.

Wewe uliyeanza kutusoma leo, kaa karibu. Dada huyu amekataa kwa wiki tatu kutia sahihi cheti cha maji ya bwawa jipya. Amekataa kwa sababu kiwanda cha ngozi kilichoko juu ya mto kinamwaga uchafu wake humo. Maji yanaonekana safi, yananukia vizuri, na yana sumu. Kesho saa nne asubuhi Rais anafungua bomba mbele ya kamera. Bila cheti, bomba haliwezi kufunguliwa. Bila dada, cheti kitapatikana.

Na sheria inasema mtu haingii wala hatoki kwenye cheo kile mpaka Gazeti la Serikali litangaze. Gazeti linachapwa saa kumi jioni. Saa hiyo ilikuwa sita na robo mchana.

Gazeti lenyewe nalo halichapwi mpaka Mama Koma aandike maneno mawili pembeni mwa kila ukurasa: Sahihi. Chapa. Kisha chini yake anatia sahihi yake. Sahihi ya kusema ni sahihi. Wafanyakazi wa kiwanda huwa wanacheka neno hilo kila mwaka, mgeni akiajiriwa.

"Kwenye chumba hiki hakuna dada," Meneja alisema, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. "Kuna herufi tu. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

Ni kweli. Kwa miaka ishirini na mbili Mama Koma alikuwa akiwaambia vijana wa kazi sentensi moja: herufi ni zetu, maana ni ya wenyewe. Kwa sentensi hiyo alipitisha amri ya kuhamisha kijiji kizima. Alipitisha sheria ya kufunga redio. Aliweka koma mahali pake, akachukua mkoba, akaenda nyumbani kupika. Mimi simlaumu sana. Wengi wetu tunaishi kwa sentensi kama hiyo, ila sisi hatuisemi kwa sauti.

Mbele yake, kwenye kiti cha wageni, alikaa mwanasheria wa Ikulu. Wafanyakazi walimwita Bwana Tai, kwa ile tai yake iliyobana shingo mpaka uso ukavimba. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alipoingia alimwamkia Mama Koma shikamoo, akasubiri kuitikiwa, ndipo akatoa bahasha ya kumfukuza dada yake.

"Tunaomba sahihi tu, mama," alisema. "Gari linanisubiri."

Mama Koma akapapasa mfuko wa koti lake la kazi. Kalamu haikuwemo. Akakumbuka: asubuhi mumewe, Baba Pacha, alikuwa ameiazima. Yangu imekauka, mke wangu, nitakurudishia jioni. Ilimkera, maana kiwandani kila msahihishaji ana rangi yake ili kosa likitokea ijulikane ni la nani. Wa kwanza bluu, wa pili kijani, mkuu, yaani yeye, zambarau. Zambarau yenyewe haiuzwi dukani. Anaichanganya fundi wa mtambo, yule wanayemwita Wino, kwa masalio ya bluu na nyekundu yanayobaki kwenye ngoma za mtambo. Ikikauka inabaki na ukingo wa kahawia.

Akaazima kalamu ya kijani kwenye meza ya mwenzake aliyeko likizo. Akaipeleka kwenye karatasi.

Hapo ndipo jicho lake likagoma.

"Hapa pana kosa," alisema.

"La tahajia?" Meneja akauliza kwa hofu.

"La Katiba."

Akasimama, akaivuta Katiba kwenye rafu. Nakala ile ilikuwa imechakaa pembe, na kila koma iliyomo ndani aliipitia yeye, akiwa na mimba ya pacha na miguu imevimba. Hakuhitaji kutafuta ukurasa.

"Ibara ya sabini na moja. 'Mkaguzi Mkuu wa Maji hataondolewa madarakani ila kwa maradhi au kwa mwenendo mbaya, na hataondolewa mpaka majaji watatu wamemchunguza na kuthibitisha hivyo.' Nyinyi mmeandika kuondolewa. Majaji wako wapi? Walikaa lini? Dada yangu anaumwa nini?"

Kule chini mtambo ulikuwa ukipashwa moto, sakafu ikitetemeka kidogo.

Unaweza kujiuliza ni nani alijisumbua kuweka mkaguzi wa maji kwenye Katiba, pamoja na majaji na majeshi. Waliomweka ni watu waliokuwa wametoka makaburini kuzika. Mwaka ule maji ya mji yaliua watu mia nne, na mkaguzi aliyejaribu kuyafunga alifukuzwa kwa simu. Waliotunga ibara ile walikuwa na udongo viatuni. Ndiyo maana waliandika hataondolewa, mara mbili katika sentensi moja.

Bwana Tai alikuwa ameacha kutabasamu. Akainuka, akaja kuisoma ibara mwenyewe, kidole kwenye mstari. Akaisoma mara ya pili.

Mama Koma alisikia raha. Niseme ukweli, ilikuwa raha ile ya mwalimu aliyemkamata mwanafunzi mjanja. Moyo ulimjaa. Nimemwokoa dada, alijiambia. Kwa neno moja!

"Na ibara inayofuata, mama?" Bwana Tai akauliza kwa upole. "Inasemaje?"

Akamsomea. Mtu akimwuliza maandishi yanasemaje, hawezi kunyamaza. Ndivyo alivyoumbwa.

"'Kiti kikiwa wazi kwa sababu mwenye nacho ameondoka, Rais atateua kaimu.'"

"Ameondoka," Bwana Tai akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi.

Akatoa kalamu yake. Akaweka karatasi mezani. Kwenye neno kuondolewa akapiga mstari juu ya herufi nne za mwisho, l-e-w-a. Juu yake akaandika mbili: k-a.

*Kufuatia kuondoka kwa Mkaguzi Mkuu wa Maji.*

"Asante sana, mama," alisema, na shukrani yake ilikuwa ya kweli, jambo lililoudhi zaidi. "Umetuokoa na aibu kubwa. Kweli Rais hawezi kumwondoa. Lakini mtu akiondoka mwenyewe, Rais afanyeje?"

Wino, aliyekuwa amesimama mlangoni akifuta mikono kwa tambara, akacheka bila furaha. "Angalau Ikulu imeacha kulewa," alisema, akashuka ngazi.

Mama Koma hakucheka. Alikuwa ameanza kuelewa alichofanya.

"Nakwenda chooni," alisema.

Hakwenda chooni. Alijifungia stoo ya karatasi, katikati ya marobota, akapiga simu.

"Mdogo wangu," dada alipokea haraka. Nyuma yake kilisikika kile kiti chake cha ofisini, chenye magurudumu, kinacholia kila akigeuka, kama mtoto anayekanyagwa mguu. Miaka sita anaomba kipakwe mafuta. "Limefika?"

"Limefika. Dada, walikuwa wameandika umeondolewa. Nikawaambia haiwezekani, nikawasomea ibara. Sasa wameandika umeondoka."

Kiti kiliacha kulia.

"Nani aliwaambia haiwezekani?"

"Mimi."

"Wewe."

"Lilikuwa kosa, dada! Lilikuwa wazi, mtoto wa darasa la saba angeliona."

"Na jaji asingeliona?" Sauti ya dada ilipanda, ikavunjika. "Ningechukua gazeti lao wenyewe, lenye nembo yao, nikaingia nalo mahakamani jioni hii hii. Karatasi moja tu. Ingekuwa takataka kabla ya jua kuzama. Lilikuwa kosa lao! Wamelifanya kwa mikono yao, wakalileta wenyewe, na wewe ukawasahihishia!"

Mama Koma aliegemea robota. Machozi yalimtoka bila kupiga hodi. Alijiona mjinga, tena mjinga wa aina mbaya, yule mwenye akili.

"Nisamehe."

"Tangu utoto," dada alisema, sasa kwa uchovu zaidi ya hasira. "Mwanamume kakuandikia barua ya kukuposa, wewe ukamrudishia na alama nyekundu. Akaandika tena, ukamrudishia. Mara ya tatu ndiyo ukaolewa."

"Hakuwa anaweka koma kabla ya lakini."

"Sikiliza ujinga huo," dada alisema, na wote wawili, Mungu awasamehe, wakacheka kidogo.

Kisha dada akashusha sauti.

"Sasa nisikie. Mimi sijaondoka. Niko kitini, na sitoki. Mlango nimeufunga kwa ufunguo. Ufunguo wa pili anao mumeo, wa tatu haupo. Yupo hapo nje ya mlango, amekaa kwenye kigoda, ananilinda kama askari. Vipimo vyote vya bwawa ni mkono wake. Kama si yeye, ningekuwa na maneno matupu. Ndiye shahidi wangu, na sina mwingine."

Roho ya Mama Koma ilitulia kidogo. Baba Pacha anapima maji kwenye maabara ya dada, kazi aliyotafutiwa na dada huyo huyo baada ya kukaa miaka miwili nyumbani akisoma magazeti ya jana. Mtu mpole. Usiku wa ndoa yao aliomba radhi kwa kukanyaga gauni.

"Dada, ipo kanuni yetu ya tisa," alisema, akijifuta pua. "Tangazo likitaja jambo, lazima liambatane na hati ya jambo hilo. Wanasema umeondoka. Mtu anaondoka namna mbili tu kwenye Katiba: kwa kufa, au kwa barua aliyoiandika na kuitia sahihi mbele ya shahidi."

"Basi waombe barua yangu."

"Hawana."

"Hawana! Lakini safari hii, mdogo wangu, nakuomba. Usiwasomee kitu. Usiwaeleze. Uliza, halafu funga mdomo."

Alirudi chumbani uso umeoshwa, mgongo umenyooka. Bwana Tai alikuwa akicheza na tai yake. Meneja alikuwa amesimama kama mtu anayetaka kwenda msalani lakini anaogopa kupoteza foleni.

"Hati inayoambatana iko wapi?" Mama Koma aliuliza.

"Hati gani?"

"Kanuni ya tisa."

Meneja akashika kichwa. "Mama Koma, tafadhali! Kanuni hiyo hatujaitumia tangu nimeajiriwa!"

"Ipo au haipo?"

Meneja, ambaye ana mke, watoto watano na shinikizo la damu, alikiri kwamba ipo.

"Tangazo linasema ameondoka," Mama Koma aliendelea. "Nataka kuona ameondokaje."

Angeishia hapo! Laiti angeishia hapo, wiki hii ningekuwa na habari nyingine ya kukusimulia. Lakini Bwana Tai alimwangalia kwa macho ya mwanafunzi asiyeelewa, akauliza kwa unyenyekevu:

"Kwa mfano nikuletee kitu gani, mama, ili kiwe sahihi kabisa?"

Akajibu. Ulimi ulitangulia, akili ikafuata kwa mbali.

"Barua ya kujiuzulu. Yenye tarehe ya leo, sahihi yake, na sahihi ya shahidi mmoja mwenye akili timamu."

Bwana Tai aliandika kila neno kwenye daftari lake dogo. Shahidi mmoja, alirudia. Mwenye akili timamu. Akapiga mstari chini ya timamu.

"Wewe ungekuwa Ikulu tungefika mbali," alisema, akatoka.

Saa saba. Saa nane. Mama Koma alisahihisha matangazo ya mirathi, mtu kapotewa na hati ya nyumba, mtu kabadilisha jina. Kila gari lililopita nje, alisimamisha kalamu. Alijaribu kumpigia dada mara moja. Simu iliita mpaka ikakata. Yuko kwenye kikao, alijiambia. Kikao gani na mlango umefungwa, hakujiuliza. Au alijiuliza, akajijibu haraka ili asisikie.

Saa nane na nusu Meneja aliingia akafunga mlango nyuma yake.

"Mimi nakufahamu, mama. Na nakuheshimu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ukikataa, hawataacha. Watamleta mtu mwingine wa kutia sahihi kwenye kiti chako. Na tangazo la kukuondoa wewe halihitaji majaji watatu. Halihitaji hata mmoja. Mimi na wewe hatumo kwenye Katiba."

"Najua. Niliisahihisha."

"Sasa?"

"Sasa wakitaka, waniondoe. Lakini wasinifanye niandike sahihi kwenye kitu ambacho si sahihi."

Alisema vizuri, na Meneja alimtazama kwa muda, kwa wivu au kwa huruma, haikujulikana. Miaka ishirini na mbili hakuwahi kusikia mama huyu akiitaja maana.

Saa tisa na dakika arobaini Bwana Tai alirudi. Alikuwa anahema, ametoa tai, na shingo yake tupu ilionekana nyembamba kama ya kuku. Aliweka mezani karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Hati inayoambatana," alisema.

Mama Koma alitazama chini kwanza, kwenye sahihi ya dada. Ilikuwa yenyewe. Ile D kubwa ya kuanzia, inayopinda kama ndoano, na mstari wa mwisho unaokimbilia nje ya karatasi. Yenyewe, au ya mtu aliyeitazama miaka mingi, kila siku, kwenye kila karatasi ya maabara.

Kisha akasoma barua.

*Mheshimiwa Rais, kwa hiari yangu, na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimeamua kuondoka katika kiti cha Mkaguzi Mkuu wa Maji kuanzia leo. Nimeipenda kazi hii, lakini afya yangu na familia yangu zinahitaji kupumzika. Natoa shukrani, na naomba radhi pale nilipokosea.*

"Tafuta kosa," alisema Bwana Tai, bila kejeli. "Ukilipata, nitarudi tena. Mimi nafanya kazi yangu, mama."

Akatafuta. Alitafuta kama mtu anayetafuta pete kwenye unga. Tahajia, hakuna. Tarehe, ipo. Nafasi, sawa. Barua ilikuwa safi kuliko barua zote za serikali alizopata kuzishika. Hilo ndilo lililoanza kumchoma.

Maana dada yake hajui koma. Hajawahi kuijua. Kadi za sikukuu anazituma kwa sentensi moja ndefu kama reli, na mdogo wake huzisoma huku akikata pumzi na kucheka. Mkaguzi Mkuu wa Maji, mwenye digrii mbili, hajawahi katika maisha yake kuweka koma kabla ya lakini.

Hapa ilikuwepo. *Nimeipenda kazi hii, lakini.*

Alimfahamu mtu mmoja tu aliyejifunza koma ile kwa machozi, kwa barua tatu za posa, akarudishiwa mbili.

Hakutaka kushusha macho. Aliyashusha.

*Shahidi*, iliandikwa kushoto, chini kabisa. Na juu ya neno hilo palikuwa na sahihi fupi ya mtu mpole, isiyokuwa na mbwembwe. Aliiona kwenye cheti cha ndoa. Aliiona kwenye vyeti vya kuzaliwa vya pacha. Wino wake ulikuwa umekauka, ukaacha ukingo wa kahawia.

Zambarau.

"Saa kumi kasoro kumi na mbili," alisema Meneja. Kisha akamtazama usoni, akasahau saa. "Mama Koma? Kuna kosa?"

Mkono wa Mama Koma ulikuwa umeingia wenyewe mfuko wa koti, ukipapasa mahali palipokuwa patupu tangu asubuhi. Akaitoa simu badala ya kalamu. Hakupiga simu ya mkononi ya dada. Alipiga ile ya mezani, ya ofisini, namba anayoijua kwa moyo.

Iliita mara moja, ikapokelewa.

"Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Maji, habari za mchana," ilisema sauti ya kiume, kwa adabu.

"Baba Pacha."

Upande wa pili mtu alikohoa kidogo.

"Mama Pacha. Barua imefika?"

"Kalamu yangu iko wapi?"

"Ninayo hapa, mezani. Si nilikwambia nitakurudishia jioni?"

"Meza ya nani?"

Mumewe alipoongea tena, sauti yake ilikuwa laini, ya nyumbani, ile aliyoitumia pacha wakiwa na homa.

"Weka sahihi, mke wangu. Hakuna kosa hata moja humo, nimeipitia mara tatu, kama ulivyonifundisha. Watu wenyewe hawana ubaya. Walitaka tu mambo yaende kwa Katiba. Na zile nukta nukta kwenye tangazo, usiziogope, jina utaletewa sasa hivi. Utalifurahia."

Bwana Tai alikuwa amegeuka, akitazama ukuta. Kule chini mtambo ulikuwa umeshika kasi, na kalamu ya kijani ilitetemeka mezani, ikabingirika, ikaanguka. Hakuna aliyeiokota.

"Mpe dada simu," alisema Mama Koma.

"Haiwezekani."

"Nimesema mpe dada simu! Amejifungia humo, wewe una ufunguo, mimi najua! Yuko wapi?"

Kwenye simu, kiti kikalia. Kile kiti. Kililia taratibu, kama mtu mzito amekigeuza kutazama dirishani, na hakikuwa na haraka.

"Dada yuko wapi, Baba Pacha?"

"Ameondoka," alisema mumewe.